Mlango wa Mama Mkwe Uliohamishwa na Kompyuta

Saa kumi na moja na nusu asubuhi mjini Wote, Nzilani Mbuvi anawasha kompyuta yake, kisha anakwenda kuchemsha chai. Anaijua mashine hiyo. Itanguruma, itafikiri, itanguruma tena, na chai itakuwa tayari kabla picha ya kwanza haijatokea kwenye kioo.

Anaamka mapema hivi kwa sababu moja tu. Jirani yake wa ukutani ni kinu cha kusaga mahindi. Kikianza kazi saa mbili, umeme hulegea, taa hufifia, na kompyuta huzima bila kuaga mtu.

"Hiyo posho mill imekula nyumba zangu tatu," anasema. "Nyumba mzima, na mabati yake. Siku hizi nikichora ukuta, nahifadhi. Nikiweka dirisha, nahifadhi. Hata nikipiga chafya, nahifadhi."

Anacheka, lakini leo kicheko hakifiki mbali. Kwenye kioo kuna nyumba inayojengwa Kathonzweni, na kuta zake tayari zimefika kimo cha madirisha. Mlango mmoja uko mahali pabaya, na ni yeye aliyeuchora. Kwa sababu ya mlango huo, mama mmoja mzee aitwaye Syokau amekataa kuhamia kwa bintiye. Hana mtoto mwingine. Macho yanamwishia, na paa la nyumba anamoishi peke yake linavuja.

Fundi amesimamisha kazi akingoja mchoro mpya. Nzilani ana hadi saa sita mchana.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, na si mgeni katika kazi hii. Kwa miaka kumi na minne alichora ramani za nyumba kwa mkono katika ofisi ya serikali, akiinamia meza kubwa, rula mkono mmoja na kalamu ya wino mkono wa pili. Ukikosea, ulikwangua wino kwa wembe, polepole, ukiomba karatasi isitoboke. Mwaka 1994 wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa.

"Wembe ilitufundisha adabu," anasema. "Kosa moja, nusu saa imeenda. Kwa hivyo ulikuwa unafikiria kwanza. Hii mashine inakuacha ukosee mbio mbio."

Kompyuta aliinunua mwaka jana, 1997, kwa shilingi elfu arobaini na tano, kuukuu, kutoka ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa ikibadilisha zake. Ilikuja na programu ya kuchorea nyumba, na walioitengeneza ni wazi hawakuwahi kukanyaga Ukambani. Kila nyumba mpya huanza na mahali pa kuota moto sebuleni. Paa huinuka juu ajabu, tayari kumwaga theluji. Kuna mabafu ya aina ishirini na sita, amehesabu mwenyewe, na tangi la kuvuna maji ya mvua hakuna hata moja.

"Mtu wa hapa anauliza tangi kwanza, ndio anauliza kitanda," anasema.

Basi matangi huyachora kwa penseli mchoro ukishatoka, pamoja na jiko la kuni la nje. Printa yake nayo ni ndogo, kwa hiyo nyumba moja hutoka vipande vinne ambavyo huviunganisha kwa gundi.

Vijana wanaojifunza kazi hii humjia kumuuliza maswali, naye hana choyo. Huwaambia wabadilishe vipimo kabla ya kugusa chochote, kwa maana programu hupima kwa futi na fundi anataka mita. Choo chake cha kwanza kilitoka kikubwa kuliko sebule. Huwaambia wachore kuta za nje kwanza na kuzifunga, ndipo wagawe vyumba. Na kile kitufe kinachopanga paa chenyewe wakiogope kama nyoka.

Lakini kuna jambo moja ambalo yeye hakuambiwa na mtu. Katika programu ile, mlango ni mali ya ukuta. Ukisogeza ukuta, mlango hufuata. Ukifuta ukuta, mlango haufi. Hutafuta ukuta wa karibu na kujibandika hapo, kimya kimya.

Mwenye nyumba ya Kathonzweni ni Kiema, fundi wa magari huko Mtito Andei, ambaye huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Alipofika kwa Nzilani akiwa na mkewe, Mbula, alikuwa na ombi moja zito. Alitaka chumba cha nyuma kwa ajili ya mama yake Mbula, chenye mlango wake wa kutokea nje, kisichofungukia ndani ya nyumba hata kidogo.

Nzilani hakuhitaji maelezo. Mkamba na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala kupishana njiani. Akimwona anakuja, huacha njia. Heshima hiyo, nthoni, ndiyo iliyomlea Syokau, na kwa mama wa rika lake hata kulala katika boma la mkwe ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Alikuwa amekubali kwa shida, na kwa sharti la mlango huo tu.

Nzilani aliuchora vizuri. Kisha Mbula akaomba jiko la ndani liongezwe nusu mita. Nzilani akavuta ukuta kwa kipanya, chumba cha nyuma kikabanwa, naye akafuta ukuta wa nyuma na kuuchora upya. Mlango ukapoteza ukuta wake. Ukaruka na kujibandika kwenye korido, ukitazamana na mlango wa chumba cha kulala cha Kiema.

Yeye alikuwa anatazama jiko. Jiko lilikuwa limependeza. Akachapisha.

Halafu, alipouona ukuta wa nyuma ukiwa mtupu, akachukua penseli na kuchora tangi papo hapo.

"Tangi nimeiweka na mkono wangu," anasema. "Hapo siwezi kulaumu mashine."

Majuma mawili yaliyopita Mbula alimleta mama yake aone kazi inavyokwenda. Syokau alipapasa kuta kwa fimbo hadi chumbani mwake, akauliza mkwewe atalala wapi. Alipoonyeshwa upande wa pili wa korido, hatua mbili tu, aligeuka na kuondoka bila kunywa hata maji.

Mbula alikuja Wote siku iliyofuata. Hakupiga kelele. Aliketi, akauweka mchoro mezani na kusema, "Wewe ni Mkamba kama sisi. Haukuona hii kweli?"

Nzilani anakiri kwamba aliona aibu ambayo hajawahi kuiona kazini. "Angenitukana ningefurahi," anasema.

Asubuhi ya leo anajaribu kuurudisha mlango nje. Ukuta wa nyuma umeshazibwa na tangi, kwa hiyo anaupeleka ubavuni. Programu inagoma, inasema nafasi haitoshi. Anasogeza kitanda, programu inakubali. Anasogeza dirisha, mlango unarudi kwenye korido. Anavuta pumzi, anahifadhi, anaanza tena.

Saa mbili kasoro dakika kumi anachapisha. Kipande cha kwanza kinatoka, cha pili, cha tatu. Ukutani kinu kinanguruma, na kioo kinakuwa cheusi.

Nzilani anavitoa vipande vitatu kwenye printa. Kisha anachomoa kalamu yake ya zamani ya wino na kuchora kipande cha nne kwa mkono. Anamaliza kwa dakika ishirini.

Kufikia saa tano na nusu yuko Kathonzweni. Fundi wa ujenzi, Yakub, mzee mpole kutoka Kitui mjini, ameketi juu ya rundo la matofali. Mbula yuko na mama yake, ambaye amekubali kuja mara hii moja tu. Kiema naye amefika kutoka Mtito Andei, lakini amesimama nje ya ua wa miiba, akitazama barabara, mgongo ameupa nyumba.

Nzilani anamwamkia mama mzee, akimwita mwaitu, yaani mama, na kufungua mchoro.

"Karatasi mimi naona tu weupe," anasema Syokau. "Nionyeshe kwa miguu."

Nzilani anamshika mkono, wanatembea kutoka lango hadi ubavuni mwa nyumba. Syokau anasimama.

"Mkwe wangu anaoga wapi?"

"Pale mwisho wa ubavu huu, mwaitu."

"Na atapita wapi na ndoo yake asubuhi?"

Nzilani anatazama bafu la nje, kisha anatazama chini. Njia ni hii hii waliyosimamia. Amekosea tena, na safari hii kwa kalamu yake mwenyewe.  Mbula anajifuta macho kwa ncha ya leso.

Syokau ndiye anayeanza kutembea, peke yake, akigusa ukuta kwa fimbo hadi nyuma ya nyumba. Fimbo inagonga mawe.

"Hii ni nini?"

"Msingi wa tangi, mwaitu. Niliiweka hapo."

"Huyo anayeoga ndiye anataka maji karibu," anasema mama mzee. "Kwa nini tangi imechukua mlango wangu? Ipelekwe kule kwa ndoo."

Nzilani anamgeukia Yakub kwa hofu. Mzee anainama, anasukuma jiwe kwa mguu.

"Hapa ni mawe tu, madam, saruji bado," anasema. "Leo jioni nitakuwa nimetoa. Mlango nakata kesho. Ile ya korido naziba na matofali."

 Nzilani anaketi juu ya msingi wa tangi, anapindua mchoro wake wa vipande vinne na kuchora upya upande wa nyuma, huku Syokau akienda na kurudi akihesabu hatua kutoka lango dogo la nyuma ya ua hadi mahali kitanda kitakapokaa. Ni hatua ishirini na tatu, na katika zote hakuna pa kukutana na mtu.

Nzilani amekata shauri kuhusu wateja wajao. Kabla ya kuuliza wanataka vyumba vingapi, atawauliza nani na nani hawapaswi kukutana humo ndani. Na hakuna mchoro utakaotoka ofisini kwake kabla hajaupitia kwa kidole, kutoka lango hadi kila kitanda. Hivyo ndivyo atakavyowaambia vijana wanaomjia, na mkasa wenyewe atawasimulia bila kuficha.

Syokau amemaliza kuhesabu. Anasimama katikati ya chumba kisicho na paa, uso ameuelekeza kwa Nzilani, lakini sauti ameipandisha hadi inavuka ua.

"Mwambie mwenye nyumba mvua ya Novemba itanikuta hapa."

Nzilani hana haja ya kwenda kumwambia. Nje ya ua Kiema amevua kofia, bado anatazama barabara. "Mwambie mwaitu nimeshukuru," anajibu, naye amepaza sauti.

"Na mwambie siji peke yangu," anasema Syokau. "Nina kuku."

Nzilani anaulaza mchoro juu ya goti na kutafuta nafasi karibu na mlango wa nyuma. Banda hilo anataka kulichora kwa mkono, leo hii hii, na anatumaini litakuwa limesimama kabla ya mvua.

"Ni ngapi, mwaitu?"

"Kumi na nane. Na jogoo mmoja, yule hana adabu, mtafutie mlango wake."