Mabirika ya Vita na Kahawa ya Mama

Nakusanya mabirika ya kahawa ya udongo yaliyotengenezwa Uingereza wakati wa vita kuu ya pili. Mke wangu husema yatatufukuza hapa Richfield, Amerika, tukalale uwanja wa ndege wa jirani. Kila Jumamosi mimi huenda mtaa wa St. Louis Park, kwenye nyumba za wazee waliofariki ambako watoto wao wanauza vyombo, na sijawahi kurudi mikono mitupu tangu dunia iumbwe.

Shule ya jioni ndiyo iliyonitia wazimu huu. Mwalimu alitueleza kwamba miaka ile Waingereza waliruhusiwa kununua vyombo vyeupe tu, visivyo na hata ua moja. Vyenye maua vilipakiwa melini, vikapenya kati ya nyambizi za adui, vikaja kuuzwa Amerika kugharimia vita. Nikawawaza akina mama wa viwandani, wanachora mawaridi ambayo wao wenyewe wasingeyaweka mezani.

Mwaka jana mama yangu alikuja kutoka Tanga kukaa nasi. Hakugusa kitu. Alikaa ukingoni mwa kochi, akitazama ndege zinazopita chini mno hata unamwona rubani anapiga mswaki.

"Nirudishe, mwanangu," alisema. "Hapa nalishwa tu, kama kuku wa kisasa."

Nyumbani Tanga hakubaki mtu wa kumtazama. Niliogopa.

Alasiri moja narudi kutoka kazini, harufu ya kahawa na tangawizi ikanipokea ngazini. Nikapanda mbiombio. Nafungua mlango tu: pwaa! Birika langu la mawaridi, mboni ya jicho langu, limepasukia juu ya jiko la umeme. Kwetu dele la shaba, birika letu la kahawa, hushinda juu ya makaa; angejuaje?

"Mama, umeungua?"

"Sijaungua. Birika gani la kahawa linaogopa moto?" Kisha sauti ikashuka. "Nimekuharibia. Nikatie tiketi, baba."

"Haya hayapikiwi, mama. Kahawa inachemka kwenye sufuria, inamiminwa humu, inaletwa mezani."

Akaligeukia kabati la kioo nilimoyapanga mengine. "Sasa haya mengine mbona hayaleti kitu mezani?"

Yalivuka bahari na vita ili yamimine kahawa, nami nikayafungia kwenye kioo, yanapanguswa vumbi kama masanamu.

"Lipi gumu?" akauliza.

Nikamshushia moja la kijani lenye tumbo. Akalisuuza kwa maji ya moto, akachemsha kahawa upya kwenye sufuria, akamimina bila kumwaga tone. Tulikaa tukanywa, vigae vya mawaridi bado viko kwenye sinki.

Akaonja, akakunja uso.

"Tangawizi ya unga hii haina adabu. Kesho niletee mbichi. Na vikombe vidogo. Hivi vyenu ni ndoo. Halafu yule jirani wa chini anayekohoa, anakunywa kahawa?"

"Sijui, mama."

"Basi shuka ukamuulize, inapoa."