Breki ya Kusimama Juu ya Jabali

Mjukuu wangu alipoanguka na baiskeli yake na kuvunjika mfupa wa bega, mama yake, ambaye ni binti yangu anayeishi Tinde, alinipigia simu na kunipa sharti. Baiskeli ile ama niitengeneze mpaka niweze kusema kwa kinywa changu kwamba inashika, ama niiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Wewe ndiye unayekaa naye, Baba," alisema. "Ukiniambia inashika, ataenda Katoro. Ukiniambia haishiki, mchezo umekwisha, na sitaki kuusikia tena."

Mjukuu huyo ni msichana aliyekwisha kuwa mtu mzima. Anafanya kazi katika duka la vifaa vya ofisi hapa Shinyanga mjini na anaishi nyumbani kwangu. Mchezo wake ni kuruka na baiskeli kutoka jiwe hadi jiwe, au pipa hadi pipa, bila kutia mguu chini. Alijifunza kwa kutazama video katika simu, kisha akafanya mazoezi kwenye majabali yaliyo nyuma ya mtaa wetu. Katoro walikuwa wametangaza mashindano ya mchezo huo, na tangu aliposikia hakuwa na mazungumzo mengine.

Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kukagua mizani, hasa mizani ya kununulia pamba. Ni kazi inayomzoesha mtu kutoamini neno la mwenye mizani, wala la mkulima anayemlalamikia, mpaka aweke mawe yake mwenyewe juu ya sahani na kutazama. Kwa hiyo sikusikiliza sababu za kuanguka zilizoletwa na majirani, mmoja akisema ni jicho la watu na mwingine akisema miguu ya kike haina nguvu. Niliipindua baiskeli na kuitazama. Ilikuwa baiskeli ya kawaida ya mtumba. Mipira ya breki ya nyuma ilikuwa migumu kama kwato, na rimu ilikuwa laini kama sahani ya kaure. Sikuhitaji jicho la mtu yeyote kueleza anguko lile.

Inafaa nieleze kwa nini breki katika mchezo huu si kitu kidogo. Mwendeshaji wa kawaida hutumia breki kupunguza mwendo, na ikichelewa kidogo hapati hasara kubwa. Anayeruka juu ya mawe hana mwendo wa kupunguza. Anasimama juu ya pedeli, magurudumu yote mawili yamefungwa, na uzito wake wote uko juu ya gurudumu la nyuma lililokaa ukingoni mwa jiwe. Gurudumu likirudi nyuma upana wa kidole tu, mtu yuko chini. Breki hiyo haitakiwi kupunguza chochote. Inatakiwa kufunga, na kubaki imefunga.

Bega lilipopona tulipanda basi, tukapitia Kahama na Ushirombo hadi Katoro. Sikwenda huko kwa sababu ya sifa za mji. Nilikwenda kwa sababu fedha ya machimbo ya dhahabu huleta kila aina ya mtumba, na baiskeli ambazo Shinyanga utaziona moja moja, Katoro zimetundikwa kwa safu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alitushushia fremu ya rangi ya fedha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hii ni alumini ya ndege, mzee. Haivunjiki hii. Ukiipiga nyundo, itavunjika nyundo."

"Nani amekuambia ni ya ndege?"

"Kila mtu anajua."

"Nitajie mmoja."

Dereva wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria kando yetu alicheka. "Leo umepatikana, kaka! Huyu si mteja, huyu ni hakimu!"

Nilikuwa nimekuja na chupa ndogo ya mafuta ya taa na vipande vya chaki. Nikayapaka mafuta pale mirija ya fremu inapoungana chini ya usukani, nikangoja, nikayafuta mpaka pakauka, kisha nikapaka unga wa chaki.

"Mzee, unaifanyia tambiko?" aliuliza muuzaji.

Baada ya muda mfupi mstari mwembamba wa unyevu ulijitokeza katika weupe wa chaki, ukizunguka nusu ya kiungo.

"Huo mkwaruzo tu wa rangi," alisema.

"Mkwaruzo haunywi mafuta. Huu ni ufa. Umeyanywa, na sasa unayatoa."

Dereva wa bodaboda alikuja kuinama na kutazama, akasema neno la Kisukuma ambalo si la kuandikwa. Muuzaji, nimpe haki yake, hakubishana tena. Alitundika fremu ile mahali pake, jambo ambalo halikunipendeza, kisha akatuletea nyingine ya chuma, iliyokwisha kufungwa magurudumu na pedeli, fupi, yenye mrija wa juu ulioshuka sana na nafasi ndogo kati ya pedeli na gurudumu la nyuma. Alisema fremu fupi hunyanyuka mbele kwa urahisi. Sikukubali wala sikukataa. Nilimwambia mjukuu wangu aipande, na baada ya kuinyanyua mara kadhaa alisema ni kweli. Chaki nayo haikuonyesha kitu.

"Lakini ni nzito, babu," alinung'unika. "Na ina kutu."

"Uzito utauzoea. Ufa hauzoeleki."

Upande wa breki tulibishana zaidi. Yeye alitaka diski, kwa kuwa katika video wengi wanazo. Muuzaji alimuunga mkono, akisema kwamba hata magari yanatumia diski, kana kwamba gari hurukaruka juu ya mapipa. Sikutaka hoja, nilitaka kuona. Niliishika baiskeli moja yenye diski, nikafunga breki ya nyuma na kuisukuma mbele na nyuma. Gurudumu lilicheza kidogo kabla ya kushika. Nikafanya vivyo hivyo kwa nyingine yenye breki za mikono mirefu inayobana rimu pande mbili. Hiyo haikucheza. Siwezi kusema kwamba diski zote duniani ziko hivyo. Zilizokuwapo pale zilikuwa hivyo, tena diski ikipinda kwa kugonga jiwe, Shinyanga sijui wa kuinyoosha. Tulichukua ile ya chuma pamoja na magurudumu yake, breki za mikono mirefu, waya mpya na mipira laini. Siti na keria hatukununua, maana mchezo huo hauna kuketi wala kubeba mzigo.

Nyumbani niliipeleka rimu ya nyuma kwa mchomeleaji, akaigusa pande zote kwa grenda mpaka ikawa na mikwaruzo midogo mfululizo ambayo mpira ungeweza kuing'ata. Vijana wa Katoro walikuwa wamemwambia mjukuu wangu kwamba wao hupaka rimu lami. Nililijaribu hilo kwenye gurudumu la zamani. Asubuhi lilishika vizuri ajabu. Kufika saa saba, katika jua letu, lami ilikuwa imelainika na kutapakaa kwenye mipira. Kwa hiyo nusu ya habari ilikuwa kweli, na nusu ya habari haitoshi kumweka mtu juu ya jabali.

Siku moja kabla ya kuijaribu baiskeli majabalini, binti yangu alikuja kutoka Tinde. Alitaka niitoe kauli yangu akiwa pale pale. Asubuhi yake nilikwenda msikitini, na niliporudi nilikuta baiskeli imeegemezwa ukutani, tayari. Tukaenda majabalini sisi watatu.

Mjukuu wangu alianza na jiwe la chini, ambalo halifiki kiunoni. Aliruka, gurudumu la nyuma likatua, akafunga breki. Baiskeli ilirudi nyuma kama iliyovutwa kwa kamba. Aliiachia, akatua kwa miguu miwili, mzima.

"Nimeona," alisema mama yake. Sauti yake haikuwa ya ushindi. "Basi, Baba. Imekwisha."

Mjukuu wangu aliiokota baiskeli na kuikung'uta vumbi.

Nami nilikuwa nimeona. Lakini siku iliyotangulia niliijaribu breki ile ile ikashika, na mizani iliyosema kweli jana ikisema uongo leo, mkaguzi huuliza nani ameigusa. Nilipitisha kidole kwenye rimu. Kiliteleza. Nikakinusa, nikapata harufu ya mafuta ya pamba.

"Nani ameshika gurudumu hili?"

"Mimi," alijibu binti yangu. "Nimeipaka mafuta baiskeli nzima alfajiri. Ulitaka mwanangu aende mbele ya watu na chombo chenye kutu kama jembe la mwaka jana?"

"Mama! Rimu haipakwi mafuta!"

"Rimu ndiyo inayong'aa! Usipoing'arisha rimu, umeng'arisha nini?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Baiskeli inayokwenda safari au mbele ya watu haitoki nyumbani bila kufutwa kwa kitambaa chenye mafuta, tangu usukani hadi spoki ya mwisho. Marehemu mama yangu alikuwa akifanya hivyo kila siku ya mnada, na binti yangu aliyaona kwake. Nilizitazama spoki. Kila moja ilikuwa imefutwa peke yake, mpaka kwenye mzizi. Mtu anayetaka kitu kiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hafanyi kazi ya namna hiyo.

Tulirudi nyumbani. Rimu tuliiosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, tukaisugua kwa msasa, tukaiosha tena. Mipira ilikuwa imekunywa mafuta, hivyo niliikwangua uso kwa tupa mpaka ukatokea mpira mkavu. Binti yangu ndiye aliyemimina maji. Alasiri tulirudi majabalini.

Safari hii binti yangu hakutaka kutazama. Aliketi akiwa ametupa mgongo, uso kwenye njia. Mjukuu wangu alipita jiwe la chini, akapita la pili, kisha akaruka juu ya jabali kubwa, lile lililomvunja bega. Mipira ilipiga ukelele mkali kwenye rimu, kisha pakawa kimya.

"Imeshika?" aliuliza binti yangu bila kugeuka.

"Geuka utazame."

"Si tulikubaliana wewe ndiye utakayesema?"

"Nikisema, utakuwa umesikia tu. Geuka, mama."

Aligeuka polepole, kanga ameishika mdomoni. Mwanawe alikuwa amesimama juu ya pedeli ukingoni mwa jabali, gurudumu la mbele liko hewani, la nyuma halisogei. Alikaa hivyo kwa muda ambao hata mimi niliuona mrefu.

"Mwambie ashuke sasa," alininong'oneza.

"Mwambie wewe."

Alisimama, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Shuka, mwanangu!" aliita. "Utachoka bure kabla hujafika Katoro."