Vifuniko Vipya vya Dawa ya Magugu

Kiwanda nilichofanyia kazi kilianzia kwenye ghala la kukodi, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Mwenyewe alikuwa bwana shamba mstaafu kutoka Kondoa. Alikuwa amechoka kuona wakulima wakifungua vihenge na kukuta dumuzi wamegeuza mahindi kuwa vumbi. Alianza na dawa moja tu ya unga ya kuhifadhia nafaka, akiifungasha na mkewe katika pakiti ndogo za kumtosha mtu mwenye gunia moja. Makampuni makubwa hayakuwa na habari na mtu wa gunia moja, na hapo ndipo yeye alipopata soko.

Nilipoajiriwa, tulikuwa tunatengeneza pia dawa ya ukungu wa zabibu na dawa ya magugu ya mpunga. Kazi yangu ilikuwa kupokea chupa, vifuniko na lebo, kuvikagua na kutia saini kwamba viko sawa. Kwenye lebo ya dawa ya magugu tuliandika kipimo kwa namna ambayo kila mkulima angeielewa: vifuniko viwili kwa bomba moja la kunyunyizia la mgongoni.

Mwaka mmoja aliyekuwa akituletea vifuniko aliacha biashara, tukapata mwingine. Vifuniko vyake vilikaza vizuri na havikuvuja. Nikatia saini.

Wiki chache baadaye alikuja mama mmoja kutoka Bahi. Alinikuta getini asubuhi, akafungua kanga na kunionyesha miche ya mpunga iliyokauka, rangi ya majani ya chai. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno akilipima kabla ya kulitoa. Alisema binti yake anayesoma shule ya msingi alimsomea lebo, naye akafanya vilevile ilivyoandikwa. Hakuja kugombana. Alitaka kujua amekosea wapi.

Nilimpa kiti, nikaingia ndani. Katika droo yangu kulikuwa na kifuniko cha zamani. Nilijaza maji kile kipya nikayamimina kwenye cha zamani. Yakajaa, yakafurika, yakamwagikia mezani, na kile kipya bado kilikuwa na maji karibu nusu. Nilikaa nikiyatazama yale maji. Yule mama alikuwa amemwaga shambani kwake karibu mara mbili ya kipimo, na saini ilikuwa yangu.

Nilimpelekea mzee mwenye kiwanda vifuniko vyote viwili, nikamweleza. Nilitegemea anifukuze. Alivigeuzageuza mkononi kwa muda.

"Wewe ulikagua kama vinavuja," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia watu wapimie kifuniko. Twende tukamwambie."

Alitoka, akamsalimu, akakaa mbele yake na kumwambia wazi kwamba yeye hakukosea lolote. Kosa ni la kiwanda. Mama yule alikunja upya kanga yenye miche.

"Mume wangu alisema mimi sijui kusikiliza," alisema. "Utakuja umwambie mwenyewe?"

Mzee alikwenda siku hiyohiyo, nami nikafuatana naye. Barabara ilipoishia tulichukua bodaboda mpaka kwenye majaruba yao ya mpunga. Alirudia maneno yale mbele ya mume na majirani, amesimama kwenye tope na suruali yake ya ofisini. Mume alisikiliza kichwa kikiwa chini. Kisha akamgeukia mkewe, akamwomba radhi kwa lugha yao, sauti ya chini sana.

Tulizirudisha chupa zote kutoka madukani, na wengine waliounguliwa mpunga tukawatafuta mmoja mmoja. Mzee alishauri majaruba yapumzishwe wiki mbili ili dawa iishe nguvu. Zilipokwisha, alifunga kiwanda siku tatu. Tulikwenda Bahi sote, hata mhasibu na mpishi, tukabeba miche iliyobaki kwenye vitalu vya majirani na kupandikiza. Wengi wetu hatukuwahi kushika mpunga. Kina mama walitucheka, wakatuonyesha jinsi ya kuuchomeka bila kuuvunja shingo.

Mavuno hayakuwa kama ya miaka mingine. Miche ile ilichelewa na mvua ikakatika mapema. Mzee alimpa kila aliyeunguliwa mpunga wa kujazia pengo. Kuanzia hapo kila chupa ilitoka na kikombe chake cha kupimia, chenye mistari. Wauzaji wengine walituacha, wakisema tumejitangaza wenyewe kwa ubaya.

Msimu uliofuata yule mama hakununua dawa yetu. Alipalilia kwa mkono. Nilipopita kumjulia hali sikumshawishi. Nilivua viatu nikaingia jarubani, tukang'oa magugu hadi jua lilipokuwa kali, akinisimulia habari za binti yake aliyefaulu kwenda sekondari.