Kosa Nililorekebisha Lilikuwa Limesharekebishwa

Mwanangu ameniletea chapati yake sasa hivi nimkaangie. Nilimkatia kidonge cha unga asinisumbue, akakisukuma kwa chupa, kikapita sakafuni, kikapita kwenye gauni lake, kikawa na rangi ya majivu. Nimekipokea kwa mikono miwili, nikamwambia, "Asante mama, hii ndiyo baba ataanza nayo." Amekimbia kumtangazia bibi yake. Chapati nimeificha nyuma ya jiko, nikakaa hapa kuandika. Nimemfanyia kile kile nilichofanyiwa.

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, naomba jina langu lisitoke. Nina miaka ishirini na mbili, nimeolewa, tunakaa Rwezamenyo, hapa Kigali, kwa mama mkwe. Shule niliishia darasa la sita. Nilijifunza kupiga taipu, nikawa nawaandikia watu barua za kuomba kazi. Mwaka jana, tisini na moja, mteja mmoja, nitamwita Dada Odette, alivitazama vidole vyangu akaniambia, "Wewe njoo Remera Jumamosi. Tuko na kompyuta, na tunakosa mtu wa Kiswahili."

Nilikuta watu na programu ya zahanati, ya kuweka majina ya watoto na siku zao za chanjo. Haiuzwi. Inatembea kwa disketi, mkono kwa mkono, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani, kurekebisha palipoharibika, na kumpa mwenzake iliyo nzuri zaidi. Nikauliza, "Hata mimi?" Dada Odette akacheka. "Hasa wewe. Wageni wana macho mapya."

Akanipa disketi yenye kosa. Majina yetu marefu yalikuwa yanakatwa mkia, mtoto anaandikishwa mzima anatoka nusu. Alikaa nami bega kwa bega, mwanangu yuko mgongoni, akinionyesha pa kutafuta bila kuniambia jibu. Jumamosi nyingi zilipita bure. Siku jina refu lilipotokea lote kwenye kioo cha kompyuta, nililia. Dada Odette alinipigia makofi, akaichukua disketi, akasema, "Hii inaenda zahanati." Mume wangu akamaliza kazi: alitangaza dukani kwake kwamba mtoto yeyote wa Kigali akichanjwa, jina lake limeokolewa na mke wake.

Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto kupimwa kwenye zahanati inayotumia programu ile. Kwa kujidai kidogo nikamuuliza muuguzi kama majina bado yanakatika.

"Yakatike kwa nini?" akasema. "Tangu mashine hii ije, mwaka juzi, yanatoka mazima."

Mwaka juzi mimi Remera nilikuwa naijua kwa kupita tu.

Nilikwenda kwa Dada Odette siku ile ile. Hakukataa. "Disketi ile ni ya wageni. Kosa tulishalirekebisha zamani, humo tukaliacha makusudi. Hata mimi nilianza nalo."

"Na kazi yangu iko wapi?"

"Iko kichwani mwako. Ungekuja Jumamosi zote zile ukijua ni zoezi?"

Nisingekuja, na hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe. Yale makofi yake ndiyo siwezi kuyasahau. Alipiga kama mtu aliyefurahi kweli.

Kisha, kama hakuna kilichotokea, akanifunga vizuri kanga iliyombeba mtoto, akasema, "Umekomaa sasa. Jumamosi wanakuja mabinti wawili, utawapokea wewe. Disketi ni ile ile. Usiwaambie."

Ndugu zangu, kazi ile naipenda bado. Sasa nikifungua programu naona njia, siyo msitu, na najua iko siku nitarekebisha kosa la kweli. Mume wangu sijamwambia, dukani bado ananisifu. Lakini wale mabinti nitawatazama vipi? Nikisema kweli, huenda wasirudi Jumamosi ya pili. Nikinyamaza, watafurahi kama nilivyofurahi, halafu siku moja watasimama mbele ya muuguzi kama nilivyosimama mimi. Nyinyi mliowahi kudanganywa na mtu anayewatakia mema, nielekezeni, mimi peke yangu nimeshindwa. Niwape disketi ile ninyamaze, au

Mama mkwe ananiita. Anasema baba mtu amerudi, na mtoto amekaa mbele ya sahani hataki chochote, anangoja ile chapati yake iletwe kwanza. Nakuja, mama. Nilikuwa nauliza, niwape ninyamaze, au niwaambie tangu mwanzo kwamba