Mwongozo Usiokuwa na Kadi ya Mwisho

Mimi ndiye niliyeandika mwongozo wa kwanza wa mfumo mpya wa kompyuta katika kampuni ya shaba mjini Lubumbashi. Naitaja sifa hiyo mapema, kwa sababu baada ya aya chache haitabaki kubwa.

Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa na shahada ya fasihi na mwandiko unaosomeka. Mtaalamu wa kigeni aliyefunga mfumo huo alikuwa karibu kuondoka, akituachia makabati ya chuma yanayovuma na kitabu kinene cha Kiingereza. Nilitakiwa kuwaandikia watunzi wetu wa programu kitabu cha Kifaransa ambacho wangekitumia bila kumuuliza mtu. Ikishindikana, mkurugenzi aliniambia, mfumo wa zamani ungerudi, nami ningerudi kwenye chumba cha majalada nilikotoka.

Ghala lilinipa stensili ishirini, karatasi za nta za kurudufia, moja kwa kila ukurasa. Nilijaza zote ishirini, ndipo mkurugenzi akaleta dibaji yake, ukurasa mmoja na nusu wa shukrani kwa Chama na Kiongozi. Dibaji ya namna hiyo haikupunguzwa. Nikapunguza maandishi yangu. Kwenye ukurasa wa kumi na nne, penye mfano ambao kila mtu angeunakili, nilifuta mstari wa mwisho. Ulikuwa na alama mbili tu, mshazari na nyota: /*. Nilidhani ni pambo.

Siku hizo programu zilitobolewa kwenye kadi. Kila mtu alileta fungu lake, na mafungu yakapangwa yakifuatana mbele ya mashine. Alama zile mbili ziliiambia kwamba fungu la huyu limekwisha. Zikikosekana, mashine ilimeza kadi za mtu wa nyuma kana kwamba ni zake.

Nakala hamsini zikagawiwa Jumatatu. Hakuna aliyelalamika. Kufikia Jumatano nilikuwa kantini nikieleza jinsi ufupi unavyohitaji kipaji.

Ijumaa, siku aliyoondoka mtaalamu, niliitwa na mama msimamizi wa chumba cha kutobolea kadi, mkazi wa Kenya, komini ya mji wetu huo huo.

“Sitwayeni,” alisema, yaani raia, maana “bwana” lilikuwa limepigwa marufuku, “ni weye njo uliandika hii kitabu?”

“Njo miye, mama.”

“Paji ya kumi na ine, mwisho yake iko wapi?”

“Niliifupisha.”

“Uliifupisha kweli. Lundi, ile siku ya kugawa kitabu, kazi ya kwanza ilikula kadi za hospitali yote. Tangu pale niko natobolea kila muntu kadi ya mwisho, naitia mu fungu yake.”

Mwenzake hakuinua macho kwenye mashine yake. “Iniverisite ilimufundisha kuanza, mama. Kumaliza haiyamufundisha.”

Chumba kizima kilicheka. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia siku ile ile.

“Ulikuwa kantini, unafundisha bantu. Sasa sikia. Lundi naenda konje, kupumuzika kwa mama yangu, Pweto. Nani atatia ile kadi?”

Stensili hazikuwepo tena. Nilichukua kalamu nikapita meza hadi meza, nikifungua kila nakala ukurasa wa kumi na nne na kuandika mshazari na nyota chini ya mfano. Mtunzi mmoja wa programu alinisogezea nakala yake kwa heshima, akidhani natia saini.

“Andika na jina yangu, sitwayeni.”

Nilimweleza kwamba nasahihisha kosa, na kosa ni langu. Akatikisa kichwa. “Basi, jina yangu uiache.”

Jumatatu nilisimama kando ya mashine tangu asubuhi. Fungu la kwanza likaingia, likasimama mahali pake, la hospitali likaanza. Sikurudi kwenye majalada.

Nakala niliyoiacha bila kuigusa ni ya mkurugenzi. Ilikuwa wazi mezani pake kwenye dibaji, na miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kuiona imefunuliwa ukurasa mwingine.