Shimo la Mume Wangu Mbagala

Mume wangu alikuwa mchonga vinyago kutoka Msumbiji. Aliishi Mbagala miaka mingi kuliko aliyoishi kwao, lakini kwa sababu ya chale za usoni mtaa ulimwita Mmawia, jina la kuwadharau Wamakonde wa huko, mpaka anakufa.

Mama yangu alipofariki, watani wetu walikuja msibani wakamwigiza alivyokuwa akichechemea, tukacheka huku tunalia. Mume wangu hakuwa na mtani hata mmoja. Aliyemtania alikuwa anamtukana tu.

Kamati ya mazishi iliongozwa na jirani yetu, mwalimu mstaafu wa historia. Nilimfuata chini ya turubai.

"Shikamoo mwalimu. Naomba azikwe makaburi ya hapa mtaani."

"Marahaba. Asafirishwe kwao, mama."

"Kwao ni hapa."

Akawageukia wanaume wenzake. "Wagiriki wa kale walikuwa na akili. Mgeni aliishi mjini kwao, akafanya kazi, vita ikija anabeba mkuki. Lakini ardhi hapewi ng'o! Na Warumi, njaa ikiingia, wageni ndio wa kwanza kutolewa mjini."

"Sasa sie tuanze na nani, mwalimu?"

"Tuanze na huyu," mwingine akadakia, "huyu hatabisha."

Wakacheka. Nikamuuliza mwalimu hao wageni wakifa walizikwa wapi. Sikumtega; nilikuwa sijui.

"Walizikwa huko huko mjini," akasema, akageukia kahawa yake.

Jioni akatuma mtu kuniambia wamekubali. Nililia kwa furaha, siku ya pili ya msiba wa mume wangu.

Kesho yake tukakuta shimo limechimbwa pembeni kabisa, karibu na jalala. Jeneza likagoma kuingia. Walikuwa wamechimba fupi.

"Mkalisheni kama kinyago!" mtu akapiga kelele nyuma, na vicheko vikafuata. Mwalimu naye alikuwa anacheka, kaziba mdomo kwa leso.

Kaka zangu wakavua makoti, wakashika majembe. Jeneza likawekwa chini, juani. Nilikaa kando yake, mkono juu ya kifuniko, nikiwasikia wanawake niliowahi kuwapikia kwenye misiba yao wakilalamika kwamba wali utapoa.

Alizikwa Mbagala, kama nilivyoomba. Wakarudi wote nyumbani kwangu kula, nami nikawapakulia.