Mhakiki wa Ghorofa ya Tatu

Jirani yetu wa ghorofa ya tatu hapa mjini Leskovac kazi yake ni kutazama tamthilia za televisheni, kisha kuzisema gazetini. Mimi kusoma sijui. Husomewa na jirani mwenzangu Desanka. Bwana huyo hulamba penseli kabla ya kila neno, hata ulimi umekuwa mweusi kama soli. Kicheko hukizuia kwa kiganja, na haki ya Mungu, siku moja kilimtokea masikioni kikazima mshumaa. Vuli hii aliipa nyota moja tu tamthilia ya vichekesho inayopendwa na wakazi wote wa ua wetu. Desanka akaapa kwamba mwaka huu hatampa hata chupa moja ya pilipili hoho zake za kuchoma na kuponda, akiba ya majira ya baridi, na bwana yule bila hizo, baridi yote ni mkate mkavu.

Siku ya kuchoma hoho tuliweka televisheni dirishani, naye bwana akashuka, pua mbele. Mama mkwe wa kwenye tamthilia ile ile alipotumbukia pipani, bwana alicheka hadi kofia ikaruka.

“Umecheka!” Desanka akamvamia. “Kaongeze nyota!”

“Kucheka nimecheka, mama. Lakini bado ni mbovu.”

“Ehe! Na hizi je?” Akamsogezea kijiko cha hoho.

Sote tulimwomba kwa macho adanganye. Akaonja, akafumba macho. “Chumvi haijakolea.”

Desanka akaonja mwenyewe, taratibu, kisha akanigeukia. “Dada, lete chumvi. Na chupa zake kumi na mbili.”